Anti, kwa elfu arobaini ya mwezi nitavaaje bila kumuumiza mtu?

Shikamoo Anti,

Naomba unisikilize hata kama swali langu litaonekana la mtu asiye na shida. Nina miaka 26, naishi Tabata Segerea, nimepanga chumba na sebule na mwenzangu mmoja, na nafanya kazi ya mapokezi kwenye ofisi fulani Posta. Mshahara ukishakatwa kila kinachokatwa inabaki kama laki nne na themanini. Humo humo kuna kodi, nauli, chakula, na mdogo wangu yuko chuo, kila Jumapili jioni lazima apige simu. Nikijibana sana napata elfu arobaini ya mavazi kwa mwezi, na miezi mingine hata hiyo haipo.

Kazi yangu inataka nionekane. Mgeni akiingia mimi ndiye anayemwona wa kwanza, na bosi wetu ni mtu wa kumkagua mtu kuanzia viatu. Kwa hiyo tangu niajiriwe nimekuwa nanunua sana vile vigauni vya mtandaoni, vya elfu kumi na tano mpaka ishirini, bodaboda anakuletea mpaka getini. Siku ya kwanza vinapendeza. Ukishafua mara mbili tatu zipu inagoma, au gauni linajisokota mshono wa ubavuni unahamia mbele. Na joto hili, Anti, ikifika saa saba mchana nimelowa mgongo mzima.

Miezi michache iliyopita nikaona video ya lile jengo lililoporomoka Bangladesh. Wasichana wa rika langu wanatolewa kwenye vifusi, walikuwa wanashona nguo tu. Nikafungua kabati nikakosa raha. Nikajisemea basi, narudi kwenye mtumba, kwanza ndimo nilimokulia. Hapo ndipo dada mmoja ofisini, amesoma nje na ninamheshimu sana, akaniambia mbele ya watu kwamba mtumba ndio ulioua viwanda vyetu, na kwamba mtu anayejali anavaa vya wabunifu wa hapa nyumbani. Akanielekeza duka Masaki. Nikaenda Jumamosi. Gauni la bei ya chini kabisa ni laki na ishirini. Nikalishika, nikalirudisha kwenye hanga, nikaaga.

Sasa nimekwama. Nikinunua jipya nawaumiza wa kule, nikinunua mtumba naua wa hapa, na hilo lisilo na dhambi siwezi kulilipia.

Juu ya hayo kuna sare. Binamu yangu anaolewa Desemba, sare yetu sisi ndugu ni laki moja na kumi, kitambaa pamoja na kushonesha, achilia mbali mchango. Kabatini tayari zipo sare za harusi nilizovaa usiku mmoja mmoja, rangi ambazo siwezi kwenda nazo hata kanisani. Nikisema sishoni nitaambiwa nina roho mbaya.

Kuna fundi mtaani kwetu, mama mmoja ana cherehani barazani kwake. Anajua sana na bei yake nzuri, akisema elfu kumi na mbili ukimkazania anakubali saba. Nimefikiria niwe nashonea kwake kila kitu, ila kitambaa nacho ni hela. Mama yangu kila nikienda Tanga ananipa doti ya khanga, zipo sandukuni sijui hata nizifanyie nini.

Nitavaaje, Anti?

Kabati Linanisuta, Tabata

*

Marahaba mwanangu. Shida unayo, ya hela na ya moyo, kwa hiyo usianze kwa kuomba radhi.

Nianze na huyo dada wa ofisini, maana nahisi amekuumiza kuliko hata hiyo video. Alichosema kina ukweli, ila ni nusu yake. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo. Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China kikafunguliwa 1968, Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma kulikuwa na Mutex. Lakini viwanda hivyo vilianza kuyumba mwanzoni mwa miaka ya 1980, vipuri havipatikani, umeme wa kusuasua, fedha za kigeni hakuna. Soko lilipofunguliwa katikati ya miaka hiyo na mtumba ukaanza kuingia kwa wingi, ulimkuta mgonjwa yuko kitandani tayari. Ulimlemea, sikatai. Baadaye zikaja nguo mpya za bei chee kutoka Asia, nazo zinamkaba mwenye kiwanda mpaka leo, lakini hizo hutasikia mtu anazisema vibaya ofisini.

Serikali zenyewe zimejaribu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mtumba uondolewe sokoni kidogo kidogo mpaka 2019. Marekani ikatishia kuwatoa kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda wakalegeza. Rwanda wakakaza, na 2018 nguo zao zikaondolewa kwenye msamaha huo. Sasa jambo lililowashinda marais, wewe dada wa mapokezi unalibeba peke yako kwenye mkoba unapanda nalo mwendokasi. Litue.

Halafu siku mkiwa wawili tu, muulize kwa upole hayo magauni ya Masaki kitambaa chake kimefumwa wapi. Vitenge vingi tunavyouziwa mjini hapa vimetoka China. Vimeshonwa hapa, na hilo ni jema, fundi kapata riziki yake, mwenye uwezo na anunue. Ila pamba yetu yenyewe, ya Simiyu na Shinyanga na Mwanza, sehemu kubwa inatoka nchini ikiwa imechambuliwa tu, haijawa hata uzi. Meatu kuna wakulima wanaolima pamba hai, bila mbolea wala dawa za viwandani, tangu miaka ya 1990, na sijawahi kuikuta imening'inia Kariakoo. Kwa hiyo nguo isiyo na doa hata moja, tangu mbegu mpaka kifungo, huyo dada hana na wewe huna. Mkishajua hivyo mtaongea vizuri zaidi.

Hiyo video uliyoiona ni ya Rana Plaza, jengo la ghorofa nane huko Savar, nje kidogo ya Dhaka. Liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013, wakafa watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yakafungwa, washonaji wakaambiwa wapande juu kazini. Humo ndani walikuwa wanashonea Primark, ambayo ni nguo za bei rahisi, na walikuwa wanashonea Benetton pia, ambayo si ya bei rahisi hata kidogo. Nakutajia hayo kwa sababu wengi hudhani ukilipa zaidi ndiyo umemlipa mshonaji zaidi. Mara nyingi umelipia jina na kodi ya duka. Lebo ya bei haitakuambia aliyeshona alilala njaa au alishiba.

Wewe kwa elfu arobaini yako huwezi kumfuata mshonaji wa Asia ukamwongezea mshahara. Unachoweza ni kuamua unanunua vingapi na unavivaa mara ngapi. Hapo ndipo penye uzito wote, na huwa napata tabu kumfanya mtu anielewe mpaka nimpigie hesabu. Kigauni cha elfu kumi na nane ukakivaa mara nne kikajisokota, kila ulipokivaa kilikula elfu nne na mia tano. Sketi ya mtumba ya elfu sita, ukampa fundi elfu tatu aipunguze kiuno, ukaivaa mara moja kwa wiki miaka miwili, kila ukiivaa imekula shilingi tisini hivi. Na huyo wa Asia ameshona moja badala ya kushona ishirini kwa haraka. Nguo za kasi hii zinawezekana kwa sababu tu wanunuzi tunarudi kila mwisho wa mwezi.

Sasa nije kwenye kitu ulichokipitia haraka haraka mwishoni mwa barua, nami nikakisoma mara mbili.

Huyo mama wa cherehani barazani. Umesema akitaja kumi na mbili ukimkazania anakubali saba, na umeandika kama sifa yake. Mwanangu, mshonaji wa nguo unayemtafutia haki huko Bangladesh unapita mbele ya baraza lake kila siku asubuhi. Chukua hiyo saba tuihesabu. Toa zipu na uzi. Toa hela ya kupeleka kwa jirani mwenye mashine ya ovaloki, kwa sababu wengi wa barazani hawana ya kwao. Toa Luku kama cherehani ni ya umeme, na mkaa wa pasi kama umeme umekatika. Gauni lenye bitana linakula siku nzima, hasa ukizingatia anainuka kumpikia mtoto na kumsikiliza mteja mwingine aliyeleta kitambaa. Kinachobaki mkononi hakifiki hela ya chipsi na soda mnayokula Posta mchana. Na bado kuna wale wanaompelekea kitambaa Alhamisi wanakitaka Jumamosi, halafu wanachukua na kusema "nitakurushia".

Sikusemi wewe peke yako, mji mzima tuko hivyo, tunalipa bei iliyoandikwa dukani bila kukohoa na tunambana mtu anayetufahamu kwa jina. Lakini kama unataka kujua uanzie wapi, anzia hapo. Akisema kumi na mbili, mpe kumi na mbili. Mpe nusu mkononi siku ya kupima. Mpe wiki mbili. Hela iliyobaki mpe siku unayochukua nguo. Kama kumi na mbili huna, usishone mwezi huo, mpelekee kazi ndogo ya elfu mbili, kubadili zipu au kupandisha upindo, nayo ni kazi. Utashangaa atakavyokushonea. Mteja anayelipa bila vita fundi humwachia nafasi ya kutosha ndani ya mshono, ukinenepa au ukipungua nguo inarekebishika, na vifungo vyake anavirudia uzi. Ukilipa saba unashonewa kwa hasira, ndiyo maana kwapa linachanika.

Nguo yenyewe utaipata wapi? Nakwambia bila kuzunguka, kwa kipato chako nguo nyingi za kazini zitakuwa mtumba, na usione haya. Nguo hiyo imeshalimwa, imeshatiwa rangi, imeshashonwa. Ukiivaa miaka mitatu zaidi hujamwongezea mtu kazi ya dhuluma. Na pale sokoni wanakula wengi: mwenye meza, wale vijana wa pasi za mkaa, mafundi wa kupunguza waliojipanga pembeni. Soko la Karume liliungua Januari 2022, watu wakapoteza mitaji yote kwa usiku mmoja, wakaanza tena.

Doa la mtumba lipo kwingine. Ndani ya belo la kilo 45 kuna nguo ambazo hazina mteja, zimechakaa huko huko zilikotoka, na mwenye belo amezilipia bila kuziona. Hizo ndizo zinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, au kwenye mtaro mpaka Mto Msimbazi. Za pamba angalau mafundi gereji wanachukua matambara. Za poliesta hata wao hawazitaki, hazinywi oili. Kwa hiyo ukienda sokoni ukarudi na mfuko wa vitu vitano vya buku buku ambavyo hutavivaa, umehamisha taka kutoka kwenye belo mpaka kwenye kabati lako, mwisho wake ni dampo lile lile.

Nenda Karume, au Tandika kama una ndugu upande huo. Nenda na noti ulizokusudia kutumia, simu iache na hela zake. Belo likifunguliwa asubuhi wachaguaji wa kwanza wanalipa bei ya juu, na wengi wao ndio wanaokuuzia tena mtandaoni wameandika "grade one". Jua likipanda bei inashuka, jioni wanapiga kelele buku, jero. Blauzi ya pamba mara nyingi inachelewa kuondoka kwa sababu imekunjamana, haing'ai kwenye rundo. Hiyo ndiyo yako.

Ukiishika igeuze ndani nje. Anza na kwapa, watu huanza na kola. Kwapa likishakakamaa au kupauka halirudi hata uloweke wiki. Inyanyue kwenye mwanga uangalie makalioni na mapajani. Uzi ukichoka, jua linapenya pale kuliko sehemu nyingine. Vuta mshono wa ubavuni kwa vidole viwili uone kama unaachia. Zipu ipandishe na kuishusha mpaka mwisho, usiridhike na nusu. Kisha tafuta kile kitambaa kidogo cha maandishi ndani ya ubavu. Nguo za mtumba zinatoka kila nchi, kwa hiyo usisome Kiingereza peke yake: Baumwolle ya Wajerumani, coton ya Wafaransa, cotone ya Waitaliano, zote ni pamba. Ukikuta imekatwa, chomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe, si wa kushonea, kwenye upindo ukifika nyumbani uuguse na kiberiti. Wa pamba unawaka, unanuka karatasi, unaacha majivu laini. Wa poliesta unayeyuka, unanuka plastiki, unaacha kidonge kigumu. Poliesta inatengenezwa kwa mafuta ya petroli, jasho halipiti, na huo mgongo unaolowa saa saba ndiyo sababu yake. Ukishaujua mkono wa pamba hutahitaji kiberiti tena.

Nunua kwa rangi chache zinazokubaliana. Sketi mbili nyeusi na ya bluu, suruali moja inayokukaa sawa, blauzi tano ambazo kila moja inakubali zote tatu chini. Bosi anayekagua viatu hatajua kwamba sketi ni ile ile, watu hukumbuka juu. Usinunue kila mwezi. Weka hiyo arobaini, ikikosekana mwezi mmoja si neno, nenda sokoni mara tatu kwa mwaka ukiwa umejiandikia unachokosa.

Nguo za ndani nunua mpya. TBS walishapiga marufuku za mtumba, na hata bila wao ningekukataza. Viatu vya ofisini pea mbili za ngozi zinatosha ukimpelekea fundi viatu kisigino kabla hakijaliwa mpaka msumari.

Za mtandaoni ulizonazo usizitupe. Nimeona siku hizi mtu akiguswa na dhamiri anatoa nguo zote kabatini anaanza upya, eti sasa anajali mazingira. Zimeshatengenezwa, zivae mpaka ziishe, zile zinazobana joto zivae mwezi wa saba usiku kukiwa na baridi yetu hii ya Dar.

Sasa sanduku la khanga. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Unazunguka Masaki kutafuta nguo yenye maana na chini ya kitanda una doti za pamba tupu alizokuchagulia mama yako. Doti moja ni vipande viwili. Kimoja kibakize kama kilivyo, ni zawadi, utajifunga ukienda Tanga akuone. Kingine mpelekee huyo fundi, kinatoka blauzi ya mikono mifupi, na ukiwa mwembamba kinabaki cha kilemba. Mwambie mji wa khanga, ile sehemu ya katikati, ukae kifuani na mgongoni, pindo lishuke mikononi na chini. Kabla hajakata, fua kwanza, rangi nyingine zinachuja. Na tafadhali soma jina la khanga, mfikirie linapotua. Kuna misemo ya kumpasha jirani ambayo ukiivaa ofisini ikakaa chini ya kiuno, kila anayekufuata kwenye ngazi za Posta atadhani umemkusudia yeye. Ikiwa ni kali sana, fundi analiingiza ndani ya mshono.

Ukija kupenda, doti mpya utaipata Mtaa wa Uhuru kwa bei ya jumla kuliko kwenye fremu za mtaani. Angalia upindoni imeandikwa imetengenezwa wapi. Za viwanda vya hapa nchini bado zipo, na hapo unaweza kumjibu dada wa ofisini bila kusema neno.

Kufua, nitasema machache. Maji ya kisima ya Tabata mengi yana chumvi, sabuni haitoi povu na nyeupe inageuka rangi ya maziwa yaliyolala. Mvua ikinyesha kinga ndoo, nyeupe zifulie humo. Jiki kila wiki inakula uzi wa pamba, weka mara moja moja kwa doa tu. Anika kivulini au geuza ndani nje, jua la hapa linapausha mabega kwa mwezi mmoja. Blauzi ya kazini ikivuliwa jioni isuuze kwapa hapo hapo bafuni kwa sabuni ya mche, hata kama utaifua Jumamosi.

Imebaki sare ya Desemba, na najua ndiyo inayokunyima usingizi kuliko Bangladesh. Laki na kumi ni karibu bajeti yako ya miezi mitatu, kwa nguo ya usiku mmoja. Nikikwambia kataa moja kwa moja nitakuwa nakuharibia kwa ndugu, na ndugu ni wako, si wangu. Kwa hiyo jaribu hivi. Mpigie binamu yako mwenyewe kabla hujaongea na kamati, kwa sababu kamati huwa na ukali ambao bibi harusi hana. Mwambie uko naye, mchango wako utatoa, ila kitambaa cha laki huna, na umuulize kama ndugu mnaweza kushona kitenge cha pamba, kila mtu mshono wake na fundi wake. Ndugu wengine watakushukuru kimya kimya. Hujui wangapi wanakopa kwa ajili ya sare hiyo hiyo. Kitenge ukikishona vipande viwili, blauzi mbali sketi mbali, Jumatatu sketi iko ofisini.

Akikataa, omba ununue kitambaa cha kilemba na mkanda tu, uvae na gauni lako la rangi inayokaribia. Zile sare za zamani kabatini hebu zitoe, huenda rangi ipo. Lesi ya zamani ukiondoa mikono na kuifupisha inakuwa blauzi nyingine kabisa, na elfu kumi na mbili ya fundi wako ni rahisi kuliko laki. Akikataa na hilo, una haki ya kwenda harusini kama mgeni mwingine, umependeza, umekaa nyuma kidogo, unashangilia.

Ila amua sasa hivi, mwezi huu. Mweka hazina akishachukua majina akaenda kununua jora zima, kipande chako kimo ndani yake, na hapo hata mimi nitakwambia ulipe.